Saini ya Mkono au ya Mtambo?

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu ami yangu alisoma London kati ya mwaka 1986 na 1989. Katika sanduku lake tumekuta kadi 14 za picha za waigizaji wa tamthilia ya EastEnders, zote zikiwa na saini, mbili kati yake zikiwa za Wendy Richard. Nitajuaje kama saini hizo ziliandikwa kwa mkono, na nizihifadhi vipi? Pia nataka kuwaandikia waigizaji wa sasa ili niuendeleze mkusanyo wake. Je, stempu za Uingereza zilizobaki sandukuni zinafaa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, pokea pole zetu kwa msiba. EastEnders ilianza kurushwa na BBC tarehe 19 Februari 1985, na Wendy Richard, aliyeigiza Pauline Fowler, alikuwamo tangu sehemu ya kwanza. Kwa hiyo kadi hizo ni za miaka ya mwanzo kabisa. Kwa kuwa mwigizaji huyo alifariki mwaka 2009, saini zake haziwezi kuongezeka, na hali kama hiyo ndiyo huwavutia waghushi. Hata hivyo, kadi ambazo hazijatoka sandukuni tangu siku za ami yako hazinitii shaka ya mghushi. Shaka yangu ni mtambo wa uchapaji, kwani kadi za namna hiyo nyingine husainiwa na mwigizaji mwenyewe na nyingine hutoka kiwandani saini ikiwa imeshachapwa pamoja na picha.

Anza na zile mbili za Wendy Richard. Ziweke sambamba, na ukiona saini zimelingana kwa kila mkunjo na zimekaa mahali pale pale, basi zimechapwa, kwa maana hakuna binadamu anayesaini mara mbili bila tofauti yoyote. Zile nyingine zielekeze dirishani na kuziinamisha taratibu: wino wa kalamu hukaa juu ya karatasi na kung'aa tofauti na picha, ilhali saini ya chapa hung'aa sawasawa na kila kitu kilicho kando yake. Kwa kioo cha kukuzia utaona pia kwamba mistari ya kalamu ya wino inapokatana, rangi hukolea pale penye njia panda. Usijaribu kamwe kuisugua saini kwa kidole chenye mate. Nimeona picha nzuri zikiharibiwa na udadisi huo. Kuna pia saini za makarani, yaani wino halisi lakini mkono wa mtu mwingine, na hizo hazitambuliki ila kwa kuzilinganisha na saini zinazojulikana kuwa za kweli. Kama ami yako alihifadhi bahasha zenye mihuri ya posta au barua zilizoambatana na kadi, msizitupe, kwani ushahidi wa namna hiyo nauamini kuliko cheti cha muuzaji.

Kuhusu kuhifadhi, adui wenu hapo Tanga ni unyevu na jua. Epuka albamu za plastiki ya PVC, ambayo hunata na kula wino. Tumia mifuko ya plastiki angavu ya poliesta na karatasi isiyo na asidi, na usizilamineti.

Barua zako zielekeze studio za BBC za Elstree, mjini Borehamwood, Uingereza, ambako tamthilia hiyo hurekodiwa. Omba kadi moja tu, na uambatanishe bahasha yenye anwani yako na stempu za Uingereza, kwa sababu stempu za Tanzania haziwezi kulipia barua inayotoka huko. Stempu za ami yako zikague kwanza: zile za kawaida zenye kichwa cha Malkia pekee, zisizo na msimbo pau (alama ya kusomwa na mashine), hazikubaliki tena tangu tarehe 31 Julai 2023, lakini zile za ukumbusho zenye picha bado zinatumika. Thamani yake ya zamani ni ya peni chache, hivyo huenda ukalazimika kubandika nyingi ili kufikia gharama ya sasa ya barua ya kuja Tanzania. Chagua bahasha yenye nafasi ya kutosha.