Kabla hujapasua injini: kwa wanaoanza kutengeneza giaboksi nyumbani

Ukisikia gia inachomoka, usikimbilie kupasua injini. Pikipiki nyingi za vijiwe vyetu vya bodaboda zina injini ya ukoo wa CG125, ambayo Honda aliitoa mwaka 1976 na viwanda vya China vikaiga. Humo giaboksi na klachi zimo ndani ya injini yenyewe na zinaoga oili moja. Kuzifikia gia ni lazima uvue silinda hedi, bloku, pistoni, magneto na klachi, ndipo uachanishe pande mbili za injini. Kwa mgeni hiyo siku imekwisha, na malalamiko mengi ya gia wala hayatoki huko.

Swali la kwanza kwa mwenye pikipiki: inachomoka gia gani? Kama ni moja tu, tuseme ya pili, na huchomoka akivuta mafuta mlimani, ugonjwa uko ndani. Kama zote zinasumbua, anzia nje. Cheni iliyolegea juu ya spoketi iliyochongoka huruka meno, na dereva ataapa kwamba ni gia. Pedeli ya gia iliyolika misumeno yake huteleza kwenye shafti ukadhani gia imekataa kuingia. Nyutro isiyopatikana ukiwa umesimama, au gia ya kwanza inayoingia kwa kishindo, mara nyingi ni klachi isiyoachia. Angalia kwanza waya wake: mkono wa klachi uwe na uhuru wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla haujaanza kuvuta.

Kisha mwaga oili ikiwa ya moto, ndani ya beseni safi, na upitishe sumaku ya spika mbovu humo. Ungaunga laini unaong'aa usikutishe. Kipande chenye kona ni jino la gia au beringi, na hapo kupasua hakuepukiki. Oili chafu usiimwage mtaroni. Wapo wanaoitafuta kupaka mbao zisiliwe na mchwa.

Hatua ya kati, ambayo vijana wengi huiruka, ni kava la upande wa klachi. Ukilifungua, bila kugusa silinda, unaona klachi yote, na nyuma yake springi ya kurudisha pedeli na kile kimkono chenye rola kinachokaa kwenye nyota ya gia. Springi ya kimkono hicho ikilegea au kukatika, gia hazishiki sawasawa. Ni kitu cha bei ndogo kabisa. Tazama pia nyumba ya klachi: pleti huchimba vijibonde kwenye kuta zake, zikakwama humo badala ya kuachana. Vikiwa vidogo, piga tupa taratibu, kila upande sawa. Vikiwa virefu, nunua nyingine. Nati ya klachi mara nyingi ina mikato minne na haishikwi na spana ya kawaida. Usiigonge kwa patasi. Chukua soketi kuukuu, ikate kwa grainda ubakize meno manne, umepata chombo cha miaka.

Ikibidi kupasua, usichokonoe kwa bisibisi katikati ya nyuso za injini. Alama moja tu na oili itavuja daima. Gonga kwa nyundo ya plastiki. Shafti mbili, selekta (zile uma zinazosogeza gia) na ngoma yake huinuliwa kwa pamoja, na kila washa, vile vipete bapa, ipigwe picha mahali pake. Sasa chunguza meno ya ubavuni mwa gia, yale yanayoumana gia inapoingia. Kona zake ziwe kali. Zikiwa za mviringo, ndizo zinazochomoka. Selekta iliyopinda au yenye rangi ya bluu ya kuungua nayo ibadilishwe, maana ndiyo iliyosababisha gia ishike nusunusu.

Kuna mafundi wanaojaza meno hayo kwa kuchomelea. Mimi siafiki. Gia hugandishwa ugumu kiwandani kwa moto, na kuchomelea kunauvuruga. Jino likikatika linaingia kati ya gia nyingine. Nunua gia pamoja na mwenzake inayoumana naye. Klipu za shafti ziwe mpya, ukingo wake mkali ukiipa mgongo gia inayoisukuma.

Kabla ya kufunga, paka oili, zungusha shafti kwa mkono huku ukiingiza gia zote, kupanda na kushuka. Shafti ikiwa imetulia baadhi hazitaingia, usilazimishe. Silikoni ya kuzibia maungio iwe utando tu; ikizidi huziba njia za oili.

Wanaotaka kuboresha, waanze na spoketi ya mbele. Kutoka meno 14 kwenda 15 injini inapumua zaidi kwenye lami, lakini nguvu ya kuvuta inapungua karibu asilimia 7. Anayebeba magunia kwenye milima ya Lushoto atakulaani. La pili ni oili yenye alama ya JASO MA kwenye kopo, kiwango cha oili za pikipiki ambazo klachi inaoga ndani ya oili. Oili nyingine za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inayooga humo huteleza. Baada ya matengenezo, oili ya kwanza imwagwe mapema, kilomita 300 hivi, na sumaku ipite tena.