Mji Uliofichwa, Uliofichika au Uliofichama?

Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni kijana wa Kondele, Kisumu. Natunga hadithi ya njozi ambayo wenzangu nami tunaicheza mezani kwa dadu, kila mtu akiwa mhusika wake, na tumeapa kuitunga kwa Kiswahili pekee. Nimekwama kwenye sentensi ya kwanza: "Mji uliofichwa wa elfu ulikuwa katikati ya jangwa iliyogandishwa na theluji ngumu." Elfu ni wale viumbe wa hadithi za Ulaya, warefu, wenye masikio yaliyochongoka. Wenzangu wanasema sentensi hii haikai vizuri lakini hawajui kwa nini. Nisaidie.

Jibu: Sijambo, mwanangu, na nimefurahi sana kwa hicho kiapo chenu. Wenzako wamesikia sawasawa. Tuanze na elfu, maana hapo ndipo nilipojikwaa mimi mwenyewe. Niliposoma "mji wa elfu" nilingoja uniambie elfu ngapi. Ukiwatia kwenye wingi mambo yanazidi kuharibika: "maelfu walitoka malangoni" kwa msomaji yeyote ni umati mkubwa, si viumbe wenye masikio marefu. Hata ukienda kuchota kwenye Kinoriki cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, ambako waliitwa álfar, utapata alfu, na alfu ni umbo la zamani la elfu hiyohiyo ya kuhesabia. Njia zote mbili zimefungwa.

Wengine watakushauri uwaite majini, na ushauri huo una mashiko. Katika ngano za pwani majini wana miji, wana wafalme, wanaoana na kugombana kama watu. Ila jini haji peke yake. Anakuja na imani, na kupandwa, na waganga, na msomaji wa Kisumu au Mombasa atavisoma vyote hivyo ndani ya hadithi yako hata kama hukuviandika. Zimwi naye hafai kabisa, kwa kuwa zimwi ni mla watu, kama Apul-apul wa Wajaluo au amanani wa Waluhya. Viumbe wako si walaji watu.

Mimi ningetohoa na kuwaweka katika ngeli ya A-WA kama watu wa taifa: Mwelfi, Waelfi. Ngeli hii itakufanyia kazi kubwa bila malipo. Ukishakuwa na Mwelfi, papo hapo una Kielfi, lugha yao, na Uelfi, nchi yao, na hakuna msomaji atakayehitaji kuelezwa. Usihofu hiyo "wae-". Ni kweli kwamba katika maneno ya kawaida a na e huungana, tukasema wenyeji, werevu, wenzangu. Lakini majina ya watu wa mahali huziacha zikae kando kwa kando: Waebrania, Waefeso. Waelfi wataingia hapo.

Sasa "uliofichwa", na hapa nakuomba tukae kidogo, kwa sababu ndiyo roho ya hadithi yako. Kitenzi ficha kina watoto wengi na kila mmoja anasimulia kisa tofauti. Mji uliofichwa una aliyeuficha. Hiyo ni kauli ya kutendwa, na msomaji anaanza papo hapo kumsubiri mtendaji: umefichwa na nani, na umefichwa nani asiuone? Mji uliofichika hauna mtendaji. Milima imeuzunguka, ukungu umetanda, hauonekani basi. Mji uliojificha una nia yake wenyewe, kama vile kuta zinasikia nyayo za mgeni zikanyamaza. Halafu kuna mji uliofichama, na hiki ndicho kitenzi ambacho wengi wetu tulikikariri shuleni kwenye kauli ya kutendama tukakiacha hukohuko darasani. Tazama ndugu zake: inama, chutama, tuama, kwama, lowama. Vyote vinahusu hali au mkao ambao kitu kimeuingia kikatulia humo. Swara aliyefichama nyasini hatoroki. Amelala tuli, masikio yamelazwa, na unaweza kumpita hatua tatu usimwone. Mji uliofichama ni mji uliokaa namna hiyo kwa miaka mingi.

Usidhani hii ni anasa ya walimu. Wewe wa Kisumu huenda umefika Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Ajuza mmoja alifika usiku wakati watu wako kwenye karamu, akaomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, naye akaonywa aondoke. Mvua ikashuka, kijiji kikatoweka chini ya maji. Je, hicho ni kijiji kilichozama au kilichozamishwa? Ukisema kilichozama, umetaja maji na msiba. Ukisema kilichozamishwa, ajuza ameingia mlangoni kabla hujamtaja. Nimewahi kusikia wasimulizi wawili wakianza kisa hikihiki, mmoja kwa neno la kwanza na mwingine kwa neno la pili, na zilikuwa hadithi mbili.

Swali lilelile linarudi kwenye "iliyogandishwa". Ganda ni kitenzi kinachojitosheleza. Huku Nakuru, hasa ukipanda kuelekea Molo asubuhi ya Julai, mafuta ya kupikia yanakuwa yameganda meupe ndani ya mkebe, na inabidi uyachimbe kwa kijiko kabla ya kukaanga mandazi. Hakuna aliyeyagandisha, baridi ya usiku imepita tu. Ukiandika iliyogandishwa umeleta mkono wa mtu, mchawi au mungu wa baridi. Kama yupo katika hadithi yako, vizuri sana, acha neno lilivyo na ujue kwamba umeshamtangaza. Kama hayupo, andika iliyoganda.

Theluji na barafu ni shida ya wengi, maana nchini mwetu theluji ya kweli iko juu kabisa ya Mlima Kenya na wachache ndio walioikanyaga. Septemba 2008 pale Busara, karibu na Nyahururu, ardhi ilifunikwa weupe na watu wakasema theluji imetuangukia. Ilikuwa mvua ya mawe iliyorundikana, ileile inayopasua majani ya chai Kericho na Nandi. Theluji ni ile laini inayoanguka kama pamba. Ikishikana ikawa ngumu hiyo ni barafu, kama ile ya vipande wanayowekea mbuta hapo Dunga ili asioze kabla ya kufika sokoni. Kwa hiyo "theluji ngumu" ni kuzunguka mbuyu wakati neno lipo. Jambo linalonipendeza ni kwamba barafu asili yake ni barf ya Kiajemi, na kwa Waajemi barf ndiyo theluji. Neno lilivuka bahari likafika kwetu likawa gumu. Na ukitaka ule weupe mwembamba unaochoma majani ya viazi alfajiri, Kiswahili kina sakitu, pia jalidi. Yatumie, yanakufa kwa kutotumiwa.

Jangwa lina kosa la upatanisho tu: ni jangwa lililoganda, si iliyoganda. Lakini mimi ningechagua nyika. Najua nyika inatukumbusha nyasi kavu na miiba, ila msomaji wa Biblia ya Kiswahili ameshasikia "sauti ya mtu aliaye nyikani" na anajua kwamba nyika ni mahali pasipo na watu, penye upweke mkubwa. Upweke huo ndio unaoutafuta. Jangwa humfanya msomaji aone mchanga na ngamia, ukaanza kuhangaika kumwondolea ngamia.

Jiji usilitumie. Natambua fahari yake, maana Kisumu mmekuwa jiji tangu 2001 na sisi wa Nakuru tulipata hati yetu tarehe 1 Desemba 2021. Lakini jiji lina vibanda na msongamano wa matatu, na "jiji lililofichika" linamchosha msomaji ulimi.

Mwisho ni mpangilio. "Mji uliofichwa wa elfu" umeweka sifa kwanza na mwenyewe nyuma. Si kosa la kukufelisha mtihani, ila sikio la Kiswahili hupenda mwenye mji akae karibu na mji wake: mji wa Waelfi uliofichama. Kwa hiyo, kama hakuna mchawi:

"Katikati ya nyika iliyoganda, mji wa Waelfi ulikuwa umefichama, barafu imeziba milango yake yote."

Na kama yupo:

"Katikati ya nyika iliyogandishwa, mji wa Waelfi ulikuwa umefichwa, na aliyeuficha alikuwa bado hai."

Ikifika siku ya wahusika wenu kuupata, msitafute mbali: mji utafichuka, barafu itayeyuka, milango itaganduka. Na mkiielezea ile theluji, iacheni ianguke. Nasikia wengi wakisema "theluji inanyesha", na sitawagombeza, lakini kunyesha kuna sauti ya maji juu ya mabati, na theluji haina sauti.