Printa ya waifai inayoandika "Offline" kila umeme ukikatika

Mkuu, maelezo yako yana jibu ndani yake. Umesema simu inaprinti vizuri, ila laptopu ya Windows inaandika "Offline". Ukifuta printa na kuisakinisha upya mambo yanakaa sawa, umeme ukikatika na kurudi, tatizo ni lile lile. Fundi kakwambia kadi ya waifai imeungua. Usimpe hata shilingi. Kadi iliyoungua haiwezi kupokea kazi ya simu halafu ikaikataa ya laptopu. Hakikisha tu simu imeshika waifai ya nyumbani. Ikiwa imeshika jina linaloanza na "DIRECT", hiyo ni waifai ya printa yenyewe (Wi-Fi Direct), kwa hiyo bado hujapima kitu.

Hili nimelikuta kwangu na kwa jirani mwenye steshenari. Ruta ndiyo inayogawa anwani za IP (namba ya kila kifaa kwenye mtandao), na nyingi za bei nafuu zikizimika zinasahau nani alipewa ipi. Umeme ukirudi, simu ziko hai kwa betri zao, zinaomba anwani ruta ikiwaka tu. Printa imezima, inasubiri mtu aje abonyeze kitufe. Ikiamka inakuta 192.168.1.4 yake imeshachukuliwa, inapewa labda 192.168.1.7. Simu haisumbuki kwa sababu kila ikitaka kuprinti inaitafuta printa upya kwenye mtandao. Laptopu inaendelea kubisha hodi kule kule 192.168.1.4.

Kuthibitisha ni rahisi. Toa ripoti ya mtandao kwenye printa yenyewe (ipo kwenye menyu, au kuna kitufe cha kushikilia, inategemea modeli). Utaona anwani ya IP na ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe). Kwenye laptopu fungua Control Panel, "Devices and Printers", bofya kulia kwenye printa (Windows 11 mpya hupitia Settings, "Printers & scanners", kisha unabofya printa), "Printer properties", kisha "Ports", yaani mahali Windows inapotuma kazi. Namba zikitofautiana, mchawi umeshampata.

Sasa usihangaike kurekebisha laptopu kila umeme ukikatika. Ingia kwenye ruta kwa kivinjari, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, angalia kibandiko chini yake. Sehemu ya DHCP (ndiyo inayogawa anwani) tafuta "Address Reservation", ruta nyingine huandika "Static DHCP". Weka MAC ya printa na uifungie anwani moja. Wapo watakaokushauri uandike anwani kwenye printa yenyewe. Inafanya kazi, ila ukichagua namba iliyo kati ya zile ruta inazogawa, ipo siku vifaa viwili vitaigombania. Mimi naifungia kwenye ruta tu.

Zima na kuwasha printa ishike anwani hiyo, kisha rudi kwenye "Ports", bonyeza "Add Port", chagua "Standard TCP/IP Port" na uandike anwani uliyoifungia. Ukikuta port ya sasa inaanza na WSD (njia ya Windows ya kuitafuta printa yenyewe), ibadilishe pia, hiyo binafsi siiamini kabisa. Halafu "Configure Port", ondoa tiki kwenye "SNMP Status Enabled". Windows huiuliza printa hali yake kwa njia hiyo, isipojibiwa inaandika "Offline" hata kama printa iko macho inasubiri kazi.

Kama kuna kazi zimeganda kwenye foleni na hazifutiki, fungua services.msc, simamisha "Print Spooler" (huduma inayoshika foleni ya kuprinti), futa mafaili yaliyomo C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, kisha iwashe tena.

Ripoti ikionyesha anwani inayoanza na 169.254, hiyo ni habari nyingine: printa haijapewa anwani kabisa na ruta. Angalia kama nywila ya waifai imebadilishwa. Angalia pia masafa, maana printa nyingi za nyumbani zinajua 2.4 GHz tu, hata uzipe 5 GHz yenye kasi kiasi gani haziioni. Na kama una kisanduku cha faiba cha kampuni halafu umeongeza ruta yako, huenda una mitandao miwili: anwani ya printa inaanza na 192.168.100, ya laptopu na 192.168.1. Zihamishie zote upande mmoja.

Ukikwama, piga picha ya ripoti na ya dirisha la "Ports" uziweke hapa. Funika nywila kwanza, printa nyingine huchapisha ile ya Wi-Fi Direct wazi wazi.