Niliishi na familia ya Kimormoni Utah miaka mitatu: hili la vichekesho vya TV ngoja niwaeleze

Wakuu, uzi huu nimeupita kimya tangu jana, ila michango mingine imenishinda. Mleta uzi anasema mdogo wake wa kike kaenda kusoma Utah, jimbo la Marekani, kapanga chumba kwenye nyumba ya familia ya Kimormoni (kanisa lililoanzia hukohuko Marekani), na wiki ya kwanza tu mama mwenye nyumba kamwomba azime Friends, kile kichekesho cha Kimarekani cha marafiki sita wa mjini, pale sebuleni. Anauliza hawa watu wana ugomvi gani na vichekesho, na kama binti ahame. Majibu aliyopewa: "akimbie haraka", "hao si wanaoa wake kumi", "dini gani inakataza watu kucheka".

La wake tulimalize kwanza. Kanisa lilitangaza kuacha mitala mwaka 1890, na leo muumini akiongeza mke wa pili anafukuzwa. Wanaoendelea ni vikundi vilivyojitenga. Mleta uzi, hapo lala usingizi.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, Mwislamu. Nilikaa Orem, kusini mwa Salt Lake City, kuanzia 2007 hadi 2010. Nyumba nyingi kule zina vyumba vya chini, nusu vimezama ardhini, na wanafunzi ndio wapangaji wake. Juu yangu aliishi baba fundi wa viyoyozi, mama, na watoto watano. Pombe hakuna, sigara hakuna, ambavyo kwangu ni kama nyumbani. Tatizo likawa kahawa. Nayo ni haramu kwao, pamoja na chai, na mimi nimelelewa na kahawa chungu ya kijiweni. Nilikuwa naichemsha usiku dirisha wazi, theluji inaingia, kama mtu anayepika gongo.

Sasa vichekesho. Jioni moja nimekaa sebuleni juu na kijana wao wa miaka kumi na nne, Friends inarudiwa, tunacheka. Mama akaingia na kikapu cha taulo zilizotoka kwenye mashine. Hakusema kitu. Akaketi, akaanza kukunja. Taulo ya kwanza, ya pili. Kila mtu kwenye kipindi akisema "Oh my God", na mnajua jinsi wanavyolisema lile neno, mikono yake inasimama kidogo halafu inaendelea. Kama mara ya tano akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Hapo kinachochekesha ni nini hasa?" Yule dogo akaangalia zulia. Mimi nikaangalia taulo. Mama akachukua rimoti, akazima, akatuomba tumsaidie kukunja zilizobaki.

Nilidhani tatizo ni wale vijana kulala hovyo huku na huko bila ndoa. Lipo, lakini kwake jina la Mungu lilikuwa linatangulia. Kutolitaja bure ni amri kabisa, na wenyewe wamejitungia maneno ya kukwepea. Baba akijigonga nyundo alikuwa anasema "Oh my heck", watoto wanasema "fetch" pale ambapo Mmarekani mwingine angetoa tusi zito. Mwanzoni nilicheka. Halafu nikakumbuka bibi yangu alivyokuwa akitugomba tukiapa "Wallahi" kwenye mchezo wa gololi.

Kipindi mama alichokichukia kuliko vyote hakikuwa na kitanda hata kidogo. Ni The Simpsons, kile cha katuni kilichoanza 1989. Nikamwuliza kwa nini, mbona ni vikaragosi tu? Akanijibu kwamba yule mtoto anamwita baba yake kwa jina, na baba mwenyewe ni mjinga kila wiki. Wakuu, hapo nilimwelewa bila mkalimani. Wewe mwite mzee wako kwa jina lake pale barazani Tanga, uone kama utamaliza sentensi. Kwao baba ndiye anayewabariki watoto kwa mikono yake na kuongoza sala ya nyumba, halafu unawasha TV unamkuta ni bwege mwenye kitambi. (Baba mwenyewe alikuwa anakiangalia gereji, sauti ameishusha karibu na sifuri. Nilimkuta mara mbili. Mara ya pili alinikaribisha kiti.)

Mnaouliza orodha ya vipindi vilivyopigwa marufuku, haipo. Kanisa halitoi orodha. Kuna kijitabu cha vijana, kinaingia mfuko wa shati, cha kwanza kilitoka 1965, na katika matoleo niliyoyaona mimi kilikuwa kinasema wazi usitazame kitu kichafu au cha ukatili. Toleo la 2022 limepunguza hayo ya fanya hiki usifanye kile, likamwachia kijana apime mwenyewe. Pia mwaka 1986 rais wa kanisa, Ezra Taft Benson, aliwaambia vijana wa kiume wasiangalie filamu zenye alama ya R, yaani za watu wazima, na kauli ile ilishika mizizi mpaka watu wakaigeuza rula ya kupimia kila kitu. Lakini ilikuwa kauli ya filamu. Vichekesho vya TV vina alama zake, na hapo kila nyumba ina sheria yake. Majirani wa nyumba ya tatu, wanaosali kanisa lilelile, wamekaa benchi moja, walikuwa hawakosi The Office. Alhamisi ikifika unasikia vicheko mpaka barabarani. Mama yetu alikuwa anafunga dirisha tu.

Hata TV yenyewe ya kule ina mambo yake. KSL, kituo cha Salt Lake City kinachomilikiwa na kampuni ya kanisa, tangu 1995 kinarusha vipindi vya NBC, mtandao mkubwa wa TV wa Marekani, lakini kikiona kipindi hakifai hakirushi. Mwaka 2000 kilikataa katuni ya kuchekesha iliyomwonyesha Mungu na shetani, 2003 kikakataa Coupling, 2012 kikakataa The New Normal. Nchi nzima wanaona, Utah wanatafuta stesheni nyingine.

Sasa niwape kisa cha kile kiboksi. Kulikuwa na kifaa unachokichomeka kwenye TV, kinasoma maandishi ya chini ya wale wasiosikia, kikikuta neno baya kinakata sauti na kuandika neno la adabu badala yake. Baba akakileta, sherehe, tukakaa wote. Wahusika wanaongea, kimya, wanaongea, kimya. Kicheko cha watazamaji kinaanza kinakatwa katikati kama mtu kazibwa mdomo. Mhusika mmoja akalalamika kuhusu mambo ya kitandani, maandishi yakatoka kwamba hajapata "kumbatio" miezi sita. Yule wa miaka saba akauliza, "Kwa nini asimkumbatie mama yake?" Tulicheka mpaka mama akatoka sebuleni ameziba uso kwa aproni. Baada ya hapo watoto wakawa wanakesha wakibashiri neno la asili lilikuwa lipi. Ndani ya wiki mbili wakawa wanajua matusi ambayo kabla ya kiboksi hawakuyajua. Kikarudishwa dukani.

Kosa langu mimi lilikuja baadaye. Dogo aliniomba kompyuta "ya homework", nikampa, na ndani kulikuwa na How I Met Your Mother, kichekesho kingine cha vijana wa mjini na mapenzi yao, msimu mzima. Nilijua, nikajifanya sijui. Jumapili moja mama akagonga mlango wangu chini. Ana mkate mkononi, umefungwa kwa kitambaa cha jikoni, ngano wanasaga wenyewe maana nyumba zao zina akiba ya chakula kama ghala la taifa. Mkate wa moto, kitambaa kina ukungu wa mvuke. Nikasema ameleta notisi ya kuhama.

Akaniambia, "Mwanangu ana miaka mitano kabla ya kwenda misheni, kuhubiri dini yetu. Tunamfundisha angoje mpaka ndoa. Kwenye kipindi kile, mtu anayengoja ndiye kichekesho. Siwezi kuizuia dunia yote, lakini nakuomba wewe usiwe ndiye unayempa." Basi. Akaniachia mkate akapanda ngazi. Angenifokea ningepata la kujibu.

Nimeifikiria ile kauli miaka mingi kuliko nilivyofikiria masomo ya kule. Watu humu mnasema hawataki kucheka. Wakuu, ile nyumba ilikuwa inacheka kuliko nyumba yoyote niliyowahi kukaa. Kila Jumatatu wanazima kila kitu wanakaa pamoja, wanaita jioni ya familia. Utaratibu ulianza 1915, na Jumatatu ikawekwa rasmi 1970. (Na ndiyo siku CBS, mtandao mwingine wa TV, walikuwa wanarusha hicho hicho How I Met Your Mother, sijui nani alimpangia nani.) Wanaimba, wanasoma kidogo, halafu ni maigizo ya kijinga, baba kavaa wigi, bisi zimemwagika zulia zima. Walichokataa ni kuchekeshwa na kitu ambacho wao wanahangaika kukishika kila siku. Binti yao wa miaka kumi na saba aliniambia kwa ufupi zaidi: "Kwenye vipindi vyote, bikira ni yule mwenye miwani mibaya." Alikuwa anavaa miwani.

Sisemi walikuwa sahihi kwa kila kitu. Mpira wa Kimarekani watu wanavunjana mifupa, hapo TV haizimwi. Filamu za bunduki maiti hamsini, zinapita bila taabu. Busu likizidi sekunde tatu, rimoti. Nilimwuliza baba akacheka, akasema hata yeye hajui kwa nini. Na makatazo yaliwafundisha watoto kuficha. Binti alikuwa anamalizia vipindi vyake kwa yule jirani wa The Office.

Halafu hili la "kipindi safi" nalo lina mtego. Kwenye kabati walikuwa na DVD zao halali: I Love Lucy ya miaka ya hamsini, ambako mke na mume wanalala vitanda mbalimbali na mwanamke ana mimba lakini neno lenyewe halitamkwi, na The Cosby Show, ambayo mama aliiita kipimo cha familia. Baba daktari, mwenye heshima, hakuna neno chafu. Mwaka 2018 Bill Cosby, yule aliyeigiza huyo baba, akatiwa hatiani kwa kumdhalilisha mwanamke, hukumu ikaja kufutwa na mahakama ya juu ya Pennsylvania 2021. Nilimpigia mama kumsalimu siku zile za 2018. Akaniambia, "DVD zimo kwenye boksi. Sijui niziweke wapi." Hatukuendelea.

Na wenyewe hawakukaa kulalamika tu. Chuo chao cha Brigham Young pale Provo kina stesheni, na 2012 ikaanzisha Studio C, vichekesho vifupi visivyo na tusi. Kuna kimoja cha 2014, kipa Scott Sterling anaokoa penalti zote kwa uso wake bila kutaka. Dogo alinitumia akiwa kasharudi misheni. Nikakionyesha kijiweni Tanga kwa watu wasiojua Kiingereza hata cha kuombea maji, mzee mmoja akamwaga kahawa. Hao ni watu waliokulia kwa King Majuto, mtu wa mji wetu, Mungu amrehemu, si wepesi wa kucheka hovyo.

Tena, bibi yangu naye kwa Majuto alikuwa na sheria. Mchana ruksa, adhana ya magharibi ikianza zima, na Majuto akianza kutongoza vibinti, bibi anageuza uso ukutani huku mabega yanatikisika. Kwa hiyo mimi Utah sikufika nchi ya ajabu.

Mleta uzi, mdogo wako asihame kwa hili. Aangalie vyake chumbani na visikilizi masikioni, sebuleni aulize kwanza, Jumapili asiwashe kabisa mpaka aone wao wanafanyaje. Lile neno la "Oh my God" alimeze, hilo litamsaidia kuliko zawadi yoyote. Na jina "Mormoni" alipunguze, mwaka 2018 aliyekuwa rais wao, Russell Nelson, aliwataka watumie jina kamili, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Refu, lakini wanafurahi ukijaribu. Akitaka kahawa, dirisha.

Mimi siku naondoka, 2010, mama ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege Salt Lake. Tumeegesha, mabegi yameshuka, ananipa mkate mwingine kwenye kitambaa. Akasita. Akaangalia huku na huku kama anauza dhahabu.

"Wale wa Friends," akasema. "Yule binti aliyekuwa anakwenda Paris. Nilikuwa jikoni, sikusikia vizuri. Alishuka kwenye ndege?"

Nikamwambia alishuka.

"Wakaoana?"

Nikamwambia hapo hawakuonyesha.

"Nilijua tu," akasema, akafunga buti la gari.