Maswali na Majibu: Elektroni za d Kwenye Tetrahedroni

Niliandika elektroni za d za [CoCl₄]²⁻ (kobalti katikati ya kloridi nne) kuwa t₂⁶e¹, nikakatwa alama. Kosa ni nini?

Huo ni mpangilio wa oktahedroni (metali yenye majirani sita). t₂ ni kundi la obitali tatu za d, e ni la mbili, na namba ya juu ni idadi ya elektroni. Kwenye tetrahedroni (metali katikati, majirani wanne kwenye pembe za piramidi ya pembetatu) ngazi za nishati hupinduka. Kloridi nne hukaa kati ya mihimili, si juu yake. Obitali za xy, xz na yz ndizo zinazokaribiana nazo zaidi, kwa hiyo hizo (t₂) hupanda na mbili zilizosalia (e) hushuka. Kobalti(II) imeshapoteza elektroni zake za 4s, imebaki na 7 za d. Tia nne kwenye e na tatu kwenye t₂: e⁴t₂³. Tatu hazina mwenza.

Na [FeCl₄]⁻? Kwa nini e²t₂³ badala ya e⁴t₂¹?

Hili ndilo swali lenye uzito. Ligandi (atomu au vikundi vinavyoizunguka metali) ni nne tu badala ya sita, na hakuna hata moja inayoielekea obitali ya d moja kwa moja. Kwa metali ileile, ligandi zilezile na umbali uleule, pengo la nishati kati ya e na t₂ ni kama 4/9 ya lile la oktahedroni. Elektroni kulivuka pengo hilo ni rahisi kuliko kubanana mbili katika obitali moja, basi zote tano za d hukaa mojamoja. Spini ya chini (elektroni kubanana kwanza kwenye ngazi ya chini) ipo, ila ni adimu: kobalti(IV) iliyoshikwa na vikundi vinne vya norbornili ni mfano. Kwenye mtihani, anza na spini ya juu.

[NiCl₄]²⁻ huvutwa na sumaku, [Ni(CN)₄]²⁻ haivutwi. Zote si d⁸ (elektroni nane za d)?

Ni d⁸, lakini ya pili ni mraba bapa. Usiichoree ngazi za tetrahedroni. Ya kwanza ni e⁴t₂⁴, yenye elektroni mbili zisizo na wenza, na hizo ndizo huvutwa na sumaku.

Pamanganeti (MnO₄⁻) haina elektroni ya d. Zambarau inatoka wapi?

Mwanga huhamisha elektroni kutoka kwa oksijeni kwenda kwa manganisi.

Mbona hatuandiki "g" kwenye e na t₂, kama ilivyo kwenye oktahedroni?

Kwa sababu tetrahedroni haina kitovu cha ulinganifu (nukta ambayo kila atomu ina pacha upande wake wa pili), na herufi hiyo huhitaji kitovu. Si urembo wa maandishi tu. Pasipo kitovu, katazo la elektroni kuruka kutoka d hadi d hulegea, na rangi hukolea. Ndiyo maana buluu ya [CoCl₄]²⁻ ni kali kuliko waridi hafifu ya [Co(H₂O)₆]²⁺. Ongeza maji kwenye ile buluu, uone inavyogeuka.