Skeli ya maina asilia: sikiliza inapotua

Kanuni ya skeli (ngazi ya noti) ya maina asilia niliijua kwa kichwa muda mrefu kabla sijaielewa: toni, nusu toni, toni, toni, nusu toni, toni, toni. Nusu toni ni hatua hadi kitufe cha jirani, cheupe au cheusi; toni ni nusu toni mbili. Lakini nilipokaa kwenye kinanda na kupiga vitufe vyeupe kutoka A hadi A, masikio yangu yalisikia C meja tu.

Tatizo lilikuwa pale nilipomalizia. Kila kipande nilichobuni kilirudi kutua kwenye C, kwa mazoea ya do, re, mi. A maina na C meja zina noti zilezile saba, ila kila skeli ina mahali pake pa kutulia. Basi fanya hivi: shikilia A ya chini kwa mkono wa kushoto, usiiachie. Mkono wa kulia utembee polepole A, B, C, D, E, kisha urudi, na kila safari iishie kwenye A. Imba pia, ukianzia la: la, ti, do, re, mi, fa, so, la. Mimi nilikaa na noti tano hizo jioni nzima, mpaka C ikaacha kudai kuwa mwisho wa safari.

Ukishafika hapo, ilinganishe na A meja, yenye C shapu, F shapu na G shapu (shapu ni noti iliyopandishwa nusu toni). Kwenye maina asilia noti hizo tatu, yaani ya 3, ya 6 na ya 7, zimeshuka nusu toni. Ya 3 ndiyo inayoamua. Piga A na C shapu kwa pamoja, ziache zilie, halafu sogeza kidole kimoja tu hadi C. Kitufe cha jirani, na sauti yote imeingia kivuli! Hadi leo sijachoka kuusikia mgeuko huo.

Kwenye gitaa, tumia uzi wa A peke yake: uzi wazi, kisha freti ya 2, 3, 5, 7, 8, 10 na 12. Nusu toni zinaonekana kwa macho, 2 na 3, 7 na 8.

Unapoandika, kila herufi itokee mara moja. C maina ni C, D, E flati, F, G, A flati, B flati (flati ni noti iliyoshushwa nusu toni). Ukiweka D shapu badala ya E flati, kinanda kitatoa sauti ileile, lakini karatasi itakuwa na D mbili na E hakuna.

Kupata maina inayoshirikiana noti na meja, shuka nusu toni 3: G meja inakupa E maina, F meja inakupa D maina.

Na ukikuta G shapu ndani ya wimbo wa A maina, usidhani mchapaji amekosea. G ya kawaida iko toni nzima chini ya A, haivuti kwa nguvu kuelekea nyumbani. Watunzi huipandisha nusu toni ili ivute, hasa wimbo unapokaribia kutua, na hapo skeli inakuwa maina ya hamoniki.