Umepitwa kwa kura chache? Usiikimbilie simu

Nimeshakuwa wakala wa mgombea kwenye uchaguzi wa kukabana koo, na nikwambie ukweli, usiku wa matokeo kila mtu ana ushauri. Nusu wanasema mpigie mwenzako umpongeze uonekane muungwana, nusu wanasema toka nje utangaze umeibiwa. Mi nasema usifanye lolote kati ya hayo, kaa na makaratasi.

Makaratasi namaanisha fomu za matokeo za kila kituo, zile mawakala wanasaini. Hizo ndo silaha yako, bila hizo una hasira tu. Tulikaa tunazilinganisha na zile namba za kwenye kituo cha kujumlishia, na makosa yalikuwepo kweli, 216 imeandikwa 261, kituo kimejumlishwa mara mbili, kura imekataliwa kisa alama imegusa mstari wa kisanduku. Mengi ni uchovu wa watu waliokesha wala sio wizi, tena yanaumiza pande zote mbili, ndo maana ukiyarekebisha mara nyingi yanafutana.

Sasa hapa ndo wagombea wengi hawapendi kusikia. Kuhesabu upya kunasogeza kura kidogo sana. Angalia useneta wa jimbo la Minnesota kule Marekani 2008, Norm Coleman alikuwa mbele kwa kura 215, zikahesabiwa upya Al Franken akawa mbele kwa 225, mahakamani ikafika 312, na hapo ni kura karibu milioni 2.9! Ugavana wa jimbo la Washington, hukohuko Marekani, 2004 vilevile, Dino Rossi aliongoza kwa 261, mashine zikarudia ikabaki 42, wakahesabu kwa mkono Christine Gregoire akapita kwa 129. Kwa hiyo kama umepitwa kwa mamia, pigana. Kama ni maelfu mengi, pigana tu kama kuna vituo vizima vimerukwa na una fomu zake, la sivyo unawachosha watu wako bure. Na uliza sheria mapema, pale Florida kwa mfano tofauti ikiwa asilimia 0.5 au chini mashine zinarudia zenyewe, kwingine lazima uombe, na siku za kuomba zinaisha haraka mno.

Kuhusu simu ya kumpongeza mwenzako, kisheria haina uzito wowote, Al Gore kwenye urais wa Marekani 2000 alimpigia mpinzani wake Bush akakubali kushindwa, akiwa njiani kwenda kuongea na wafuasi wake akaambiwa Florida imebana, akapiga tena kufuta kauli. Haki yake ya kuhesabiwa haikupotea lakini machoni pa wengi akawa tayari yule aliyeshindwa anayeng'ang'ania, na hilo lilimtesa wiki zote zile mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ikafunga mlango tarehe 12 Desemba, tofauti ikabaki 537. Usimchanganye na Rais Jammeh wa Gambia 2016 lakini, yule alikubali, tume ikarekebisha hesabu na mpinzani wake Barrow bado yuko mbele, ndo akageuka. Hiyo sio kudai kura hiyo.

Kwa wafuasi waliojaa nje tulimwandikia bosi sentensi mbili tu, kura bado zinakaguliwa, nendeni nyumbani. Alinuna, alitaka hotuba.

Kura zenye utata zikishakuwa chache kuliko tofauti yenu, hapo kubali, tena siku hiyohiyo. Huna haja ya kusema umeridhika, Akufo-Addo wa Ghana mwaka 2013 alisema hakubaliani na hukumu ya kesi yake ya uchaguzi ila anaipokea, akampigia mshindi Mahama, na 2016 akashinda. Ila kabla ya kuongea na kamera waambie mawakala wako kwanza, na walipe posho zao, manake kesi ikija wao ndo mashahidi wako na mtu uliyemdhulumu nauli hapokei simu.